Kumfungulia mtoto bahari: mwongozo kamili kwa wazazi na walimu wa Mtwara na Lindi

Watoto wa Mikindani, Msimbati, Lindi mjini na Kilwa Masoko hukua wakisikia bahari usiku na mchana. Wanaoga humo, wanatumwa dagaa, wanacheza mpira mchangani maji yakitoka. Hata hivyo wengi wanamaliza darasa la saba hawajui kwamba pweza ana mioyo mitatu, wala kwamba jongoo bahari wanayempiga teke ndiye anayesafisha mchanga wanaouchezea. Hili linaniuma. Kuna watoto duniani wanaojifunza matumbawe kwa picha za vitabuni tu, na wa kwetu wako mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mwamba wenyewe, ila hakuna mtu mzima anayewashika mkono awapeleke.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwalimu, hata dada au kaka mkubwa. Hauhitaji boti wala digrii. Una kanuni moja inayopita hatua zote: mtoto aone kwanza, aseme alichokiona kwa maneno yake, ndipo wewe utaje jina na maelezo. Ukitaja jina mapema, mtoto analikariri na kuacha kutazama.

Hatua ya kwanza: anzeni na samaki wa mboga

Siku utakayonunua kibua au changu mzima pale soko la samaki la Feri, usimwachie muuzaji ampare. Mlete nyumbani na magamba yake, mweke kwenye sinia, waite watoto kabla kisu hakijaguswa.

Anza na rangi. Mgongo wa kibua umekolea, tumbo ni jeupe linalong'aa. Kwa nini? Waache wabishane. Ukiona wamekwama, waambie wajifanye ndege anayetazama maji kutoka juu, kisha wajifanye papa anayetazama kutoka chini. Mtoto wa miaka saba anaweza kufika mwenyewe: kwa juu mgongo unapotelea kwenye giza la kilindi, kwa chini tumbo jeupe linapotelea kwenye mwanga wa jua. Jibu alilolipata hivyo halimtoki tena.

Halafu inueni kifuniko cha shavu. Yale mekundu yaliyopangana kama nyuzi ni matamvua. Samaki hupitisha maji hapo akachuja hewa iliyomo. Mpe mtoto ayaguse kwa kidole. Ni fursa nzuri pia ya kumfundisha kutambua samaki aliyelala: matamvua yake huwa yamefifia na yana utelezi.

Mkimpasua changu, tafuteni kibofu cheupe chenye hewa chini ya uti wa mgongo. Kitumbukizeni kwenye bakuli la maji kielee. Ndicho kinachomwezesha samaki kubaki katikati ya maji bila kuzama wala kupanda juu. Mwisho ni tumbo la chakula, na hapo ndipo watoto wanaposukumana. Likate kwa ncha ya kisu, umimine vilivyomo kwenye sahani yenye maji kidogo. La kibua huwa na kitu kama uji, maana anakula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Chewa mkubwa anaweza kuwa na kaa ndani, au samaki mwingine mzima. Somo la nani anamla nani limeshafundishwa, na mboga bado ipo.

Hapo hapo jikoni waambie habari za bunju. Samaki anayejivimbisha akawa duara haliwi, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukaushwa. Mtoto anayevua kwa mshipi gatini lazima alijue hili kabla hajajua lingine lolote.

Hatua ya pili: yajueni maji kabla ya kuyafuata

Safari nyingi za shule pwani huharibika kwa jambo moja: watu wanakwenda maji yamejaa. Watoto wanaogelea, wanakula, wanarudi. Si vibaya, ila bahari hawajaiona.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kujaa au kupwa kukichukua saa sita na dakika kidogo, na kila siku nyakati zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Hapo ndipo panapokuja bamvua. Maji yanapanda sana na kutoka sana, tofauti ya juu na chini ikapita mita tatu. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, bahari haiendi mbali.

Kupata siku nzuri, fuata hesabu ya mwezi ambayo nyumba nyingi za pwani tayari zinaifuata kwa ajili ya mfungo na Idi. Tarehe moja hadi tatu za mwezi mwandamo, na kumi na tano hadi kumi na saba, ni siku za mwambani. Na tuna bahati katika jambo hili: siku za bamvua kwetu maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, wakati mwanga unatosha kuona chini ya kila jiwe. Hakikisha kwa mvuvi wa mtaani kwako, au kwenye jedwali la kupwa na kujaa la Mtwara.

Fikeni dakika 90 kabla maji hayajafika mwisho, muyafuate yanapotoka. Chomekeni kijiti pale maji yalipogusa, mkitazame tena baada ya nusu saa. Kijiti kikianza kulowa tena, safari imekwisha: watu wote wanarudi ufukweni, hata kama kuna pweza anayechungulia. Maji yakianza kujaa hupita kwanza kwenye mifereji iliyoko nyuma yenu, na mtoto mfupi anaweza kukatiwa njia huku mbele yake pakiwa bado pakavu.

Kuhusu upepo, msimu wa kusi bahari huchafuka na maji huwa na vumbi la mchanga. Kaskazi ni tulivu zaidi, ingawa ndio msimu wetu wa mvua. Miezi ya Oktoba na Novemba, katikati ya pepo hizo mbili, ndiyo ninayoipenda.

Vitu vya kubeba

Viatu vinavyofunga mguu, hata raba kuukuu. Kofia, maji ya kunywa, ndoo moja nyeupe, daftari na penseli. Kioo cha kutazamia chini ya maji mtakitengeneza wenyewe: chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa kitako na kifuniko, upande mmoja uvute nailoni angavu na uikaze kwa mipira. Mtoto akikizamisha upande wenye nailoni na kuchungulia upande wa pili, viwimbi vya juu havimsumbui tena. Sanduku kubwa la dawa halihitajiki. Sabuni, pamba, bandeji na kibanio kidogo vinatosha.

Hatua ya tatu: hatari, ziseme wazi

Mtoto anayeogopeshwa haoni kitu, na asiyeambiwa hatari anaumia. Waketishe chini, uwaambie kabla hawajalowa.

Taa hujifukia mchangani na ana mwiba mkiani. Kwa hiyo kwenye maji ya mchanga hatuinui miguu, tunaiburuta, naye akisikia mtikisiko anaondoka. Kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe lenye ukoga, miiba yake ya mgongoni ina sumu kali, na ndiyo sababu ya viatu. Yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi anaonekana, basi tunampisha. Konokono mzuri mwenye kombe la umbo la pia, lenye mabakamabaka, haokotwi kamwe, wala kwa mkia wala kwa ncha: ana mshale wa sumu, na aina zake nyingine zimeua watu wazima.

Akichomwa na taa au na huyo samaki wa jiwe, mguu uingie kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, mtu mzima akiyajaribu kwanza kwa mkono wake, huku safari ya hospitali ikiandaliwa bila kusubiri maumivu yapungue. Konyeza, yule anayeelea kama ute, akimgusa mtoto, suuza kwa maji ya bahari na uondoe nyuzi zake kwa kijiti. Usisugue kwa mchanga.

Mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya watoto wanne. Walimu, najua darasa lina watoto sabini. Gawanyeni safari, ombeni wazazi wasindikize.

Hatua ya nne: mwambani, polepole

Kabla ya kuingia, salimieni. Siku ya bamvua mwambani kuna watu kazini: akina mama wanaotafuta pweza, wengine wanatanda dagaa, wengine wako kwenye mashamba ya mwani. Watoto waseme "Shikamoo bibi", waombe kutazama. Bibi anayejua mashimo ya pweza anafundisha kuliko kitabu chochote, na ni haki kumshukuru kwa chochote mtakachojaliwa. Kamba za mwani zisikanyagwe wala kurukwa, zizungukeni. Mkiwa Msimbati mtakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pitieni kwanza ofisi ya hifadhi kwa utaratibu na kiingilio.

Sasa chagueni dimbwi moja. Moja tu, ukubwa wa mkeka. Watoto wachuchumae kulizunguka, vivuli vyao visiangukie maji, na wanyamaze hadi macho yazoee. Mwanzoni watakuambia hakuna kitu. Subiri. Baada ya muda mchanga mmoja utasogea: ni samaki mdogo mwenye rangi ya mchanga. Kombe la konokono litaanza kutembea kwa haraka ambayo konokono hana: ndani yake amehamia kaa. Huyu kaa nyuma ni laini, hana gamba, hivyo huazima kombe tupu na kulibadilisha kadiri anavyokua. Waulize itakuwaje watu wakiokota makombe yote mazuri wakayauze kwa wageni. Wakishamwona kaa mwenyewe akijificha ndani, hutalazimika kuwakataza kubeba makombe.

Mkikutana na kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano na vinundu vyekundu, mwinueni kidogo akiwa bado ndani ya maji mchungulie chini. Mtaona mamia ya vijiguu vidogo laini vinavyopapasa. Mdomo uko hapo katikati. Mrudisheni vilevile alivyokuwa, tumbo chini. Msimtoe nje kwa ajili ya picha.

Jongoo bahari watoto humdharau mpaka waambiwe anavyoishi. Anameza mchanga, anakula uchafu uliomo, anautoa ukiwa safi. Tafuteni nyuma yake vile vimafungu vya mchanga vilivyoviringika. Na anapumua kwa kupitisha maji sehemu ya nyuma. Wakishamaliza kucheka, waambie ukweli mwingine: ameokotwa sana kwa ajili ya soko la nje hadi akaadimika sehemu nyingi za pwani hii.

Pweza ataka subira. Msimtafute yeye, tafuteni uchafu wake: shimo lenye makombe yaliyovunjika na magamba ya kaa yamerundikana mlangoni. Kaeni hatua mbili nyuma. Kama yumo, jicho litapanda taratibu, na ngozi iliyo kando yake itabadilika kutoka kahawia kuwa ya mabaka, halafu ikawa na vipele kama mwamba, mbele ya macho yenu. Hapo ndipo pa kuwaambia kwamba damu yake ni ya buluu, kwamba mioyo miwili inasukuma damu kwenye matamvua na wa tatu mwilini, kwamba sehemu kubwa ya neva zake iko kwenye mikono, hivyo kila mkono ni kama una akili zake. Jike hutaga mara moja tu maishani, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Watoto wa miaka kumi na kuendelea hunyamaza wakilisikia hili. Waacheni wanyamaze.

Ndoo nyeupe ni ya kutazamia kiumbe kimoja kwa dakika chache, kivulini, kwa maji ya dimbwi lilelile. Hakuna kinachokwenda nyumbani kikiwa hai. Jiwe mlilogeuza lirudishwe upande wake, kwa sababu walioishi chini yake wanakufa kwa jua.

Na mkikuta matumbawe yaliyobomoka yakawa kifusi, msipite kimya. Waelezeni kwamba tumbawe si jiwe bali ni mji wa wanyama wadogo wanaojenga kwa chokaa, wengi wakikua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na kwamba mlipuko wa sekunde moja wa baruti ya kuvulia samaki hubomoa kazi ya miaka mingi. Pwani ya Mtwara na Lindi imeumizwa sana na mabomu hayo. Watoto hawa ndio watakaokuwa wavuvi.

Hatua ya tano: mikoko

Siku ya maji mafu nendeni kwenye mikoko ya ghuba ya Mikindani au ng'ambo ya Lindi, upande wa Kitunda. Waonyesheni mizizi inayochomoza juu ya tope kuvuta hewa, kaa mwenye gando moja kubwa anayelipunga, na samaki anayeruka juu ya tope akiwa nje ya maji. Samaki wadogo wengi hulelewa hapa kabla ya kwenda mwambani.

Hatua ya sita: bahari ya usiku

Chagueni usiku usio na mwezi, ufuko usiopata taa za barabarani, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu, kila mtoto akishikwa mkono. Zimeni tochi. Macho yakizoea giza, tikiseni maji kwa mkono. Kuna usiku yatametameta: ni viumbe vidogo mno vinavyotoa mwanga wao wenyewe vikiguswa. Kuna usiku hakuna kitu, na mtoto ajue tangu mapema kwamba bahari haipangiwi ratiba.

Hatua ya saba: kilindi kwenye ukuta wa darasa

Yaliyo mbali yanahitaji kipimo. Chukueni kamba ya mita 11 na kuikubali kuwa kila mita moja ni mita 1,000 za kina. Ifungeni kwenye ukuta mrefu wa nje wa shule. Alama ya sentimita 4 ndipo mzamiaji wa kawaida mwenye mtungi hufika. Sentimita 20 ndipo mwanga wa kutosha mimea unapokwisha. Mita moja, giza tupu. Mita 5.9, wekeni Kilimanjaro kilichogeuzwa kichwa chini. Karibu na mita 10.9 ndio mwisho wa bahari yote, katika mfereji wa Mariana kwenye Bahari ya Pasifiki. Mlima wetu ungezama humo, na juu ya kilele kukabaki maji ya karibu mita 5,000.

Kati ya sentimita 10 na 30 za kamba hiyo mchore silikanti, samaki wa kale. Wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na kugunduliwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London. Na hapa kwetu? Wa kwanza kurekodiwa Tanzania alinaswa mwaka 2003 karibu na Songo Mnara, wilaya ya Kilwa, kwenye nyavu za wavuvi wa hapa hapa. Mapezi yake yana shina lenye nyama kama mguu, anazaa badala ya kutaga, na utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100. Simulia hili taratibu, kisha waulize: nini kingine kiko huko chini ambacho hakijanaswa?

Nyangumi wanahitaji kilima na subira tu. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Kaeni mahali palipoinuka Msimbati asubuhi bahari ikiwa shwari, mtafute moshi mweupe unaoruka na kupotea: ni pumzi. Mtu mzima wao anakaribia urefu wa Kosta mbili zilizofuatana, na mtoto huzaliwa akiwa na mita nne hivi na kunyonya maziwa.

Chunusi, majini na nguva

Mtoto atakuuliza. Kila nyumba ya pwani ina habari za chunusi anayevuta watu chini. Usimcheke, na usimdharau bibi aliyemsimulia. Mweleze juu ya mkondo: maji yanayotoka kwa nguvu kwenye mlango wa ghuba humchukua hata mwogeleaji hodari, na anayepambana nayo huchoka; anayeelea na kukata kwa ubavu huwa na nafasi ya kutoka. Hadithi ya bibi imewazuia wengi wasiingie mahali pabaya. Mpe mtoto na sababu pia.

Nguva naye yupo kweli, ila ni mnyama mnene mpole anayekula majani ya baharini na kunyonyesha mtoto wake. Amebaki wachache mno, na anapoonekana Tanzania mara nyingi ni eneo la Rufiji, Kilwa na Mafia.

Kwa watoto wa Masasi, Newala, Nachingwea na Liwale

Msisubiri basi la shule. Samaki mbichi akifika sokoni, fanyeni hatua ya kwanza. Kamba ya kilindi inafungwa ukuta wowote. Chemsheni lita moja ya maji ya bahari mliyoletewa na dereva, au muyaache juani kwenye sinia hadi yakauke: zitabaki gramu 35 hivi za chumvi, vijiko viwili vya chakula. Na wasimulieni Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa Berlin hadi leo. Katikati ya matabaka yenye mifupa kuna matabaka ya mawe yaliyojaa makombe ya baharini. Bahari ilifika huko, ikaondoka, ikarudi.

Daftari, na viota vya kasa

Kila safari iwe na ukurasa: tarehe ya mwezi, hali ya upepo, mchoro mmoja, na swali moja ambalo halijajibiwa. Mchoro usahihishwe kwa kurudi kutazama, si kwa kalamu nyekundu.

Mkikuta asubuhi mkokotano mpana unaotoka majini hadi juu ya ufuko na kurudi, kasa ametaga. Chini ya mchanga kuna mayai yanayozidi mia moja kwa kawaida, yatakayochukua takriban miezi miwili, na joto la mchanga ndilo litakaloamua wawe madume au majike: ukiwa na joto zaidi, majike wanakuwa wengi. Msichimbe, msichomeke kijiti. Futeni alama kwa tawi ili asiione mwenye nia mbaya, kariri mahali, kisha mtoe taarifa BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufuko) au kwa afisa wa hifadhi. Kasa analindwa kisheria, na nyama yake imewahi kuua watu kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki.

Maswali yasiyojibiwa yakifika kumi, yanakiliwe kwa mwandiko wa watoto wenyewe, yapelekwe kwa afisa uvuvi wa halmashauri, au kwenye chuo cha uvuvi cha FETA kilichopo Mikindani. Andikeni barua ya shule mapema, mtaje umri na idadi ya watoto, na muombe anayejibu azungumze na watoto ana kwa ana. Nendeni na daftari.